Mfuko Usiguswe

Haya nilisimuliwa na mke wa fundi mwenyewe, mwaka ule wa mvua nyingi, tukiwa tumekaa benchi moja kumngojea daktari wa macho. Foleni ilikuwa ndefu, yeye alikuwa na jambo moyoni, na mimi nina masikio. Nilivyoyapokea ndivyo ninavyoyatoa.

Simu ilikuwa ikilia mgongoni mwa fundi.

Si mkononi, si mfukoni. Mgongoni, chini ya kiuno, ndani kabisa ya koti zito la sufu alilovaa, mahali ambapo mkono wa binadamu haufiki. Walikuwa kando ya bwawa, kwenye bustani ya watu wote, Jumapili alasiri, na waliopita waligeuka kumtazama yule Mhindi mrefu, mwembamba, akijizungusha papo hapo kama kuku aliyefungwa kamba mguuni.

"Ni mama huyo," alisema fundi. "Hii ndiyo saa yake."

"Si upokee!"

"Nipokee vipi? Niikalie?"

Mkewe alicheka hadi akashika mbavu. Miaka sita ugenini, na kicheko cha namna ile alikuwa amekisahau. Fundi alikuwa ameitia simu mfukoni asijue kwamba chini ya mfuko kuna tundu. Simu ikapenya, ikaingia kwenye bitana, ikasafiri mpaka nyuma, na sasa ilikuwa inaimba huko peke yake. Akazamisha mkono mfukoni mpaka kwenye kiwiko, akaunyoosha, akang'ang'ana, hata bata wa bwawani wakasogea kutazama.

Mara kitu kikalia chaa!

Kicheko kikakatika. Fundi akautoa mkono, na mfuko wote ukaja nao, ukining'inia nje kama ulimi wa ng'ombe.

Mke akashika mdomo. Maana koti halikuwa lao.

Hawa walikuwa mume na mke, Wahindi, waliotoka kwao kufuata kazi. Mume alishona, mke alifua na kupiga pasi, katika duka la dobi lenye dirisha moja kubwa barabarani na chumba kimoja kidogo nyuma. Chumba hicho ndicho kilikuwa nyumba yao. Mwenye duka, ambaye wote walimwita Tajiri, aliwaachia ufunguo, na hakuwa mtu mbaya. Ila karatasi zao za kukaa katika nchi ile zilitegemea kazi ile. Kazi ikikatika, na kukaa kumekatika.

Jumapili ilikuwa siku yao ya kutoka. Walitembea kwa miguu, wakatazama madirisha ya maduka yaliyofungwa, wakazunguka bustani, wakapiga picha moja ya kumpelekea mama wa fundi kule nyumbani. Na mama yule, kila alipoipata picha, hakuuliza afya wala kazi. Aliuliza nguo.

"Mbona shati ni lile lile?" alisema kwenye simu. "Mwanangu anashonea mji mzima, yeye kanyimwa hata shati? Au huyo mkeo hajui kufua?"

Neno la mwisho ndilo lililomchoma mke. Hajui kufua! Yeye ambaye vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji kama vya mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni! Jumapili iliyofuata akanyoosha mkono kwenye hanga za wateja, akatoa kitambaa cha shingoni, kimoja tu, akamvisha mumewe. Nani atajua? Mama akafurahi. Baada ya kitambaa likaja shati. Baada ya shati, suti. Naye mwenyewe akawa anatoka na gauni la mke wa daktari wa meno. Alijiwekea masharti ili moyo utulie: iwe nguo ambayo mwenyewe haji kabla ya Jumanne, hakuna kula ukiwa umeivaa, na jioni hiyo hiyo inapigwa brashi, inapigwa pasi, inarudi kwenye hanga yake.

"Tunazitembeza tu," alimwambia mumewe. "Nguo ikikaa ndani sana inanuna."

Lakini wakubwa walisema, cha kuazima hakisitiri makalio. Na hizi hata hazikuwa za kuazima.

Koti lile la sufu liliingia dukani Ijumaa, mkononi mwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa makamo mwenye vumbi la chaki kwenye mikunjo ya sketi. Kiwiko kilikuwa kimelika. Alipomwona mke wa fundi anaandika kikaratasi cha kubandika kwenye koti, akamwomba kalamu, akaandika mwenyewe kwa mwandiko wa ubaoni: Kiwiko tu. Mfuko usiguswe. Akapigia mstari chini yake, mara mbili.

Jioni ya Jumapili ile, koti likiwa limelazwa juu ya meza ya kukatia kama mgonjwa, kikaratasi kile kilikuwa kinawatazama.

"Unasikia?" mke alisema. Ndivyo alivyomwita mumewe tangu siku ya harusi, na mume aliitikia hata akiwa usingizini. "Ameandika usiguswe."

"Umeshaguswa."

"Basi urudishe ulivyokuwa."

"Nirudishe tundu?" Fundi alimkodolea macho kama mganga aliyeombwa kurudisha kidonda. "Kaandika vile kwa sababu hajui mkono wangu. Anadhani nitambandikia kiraka cha gunia. Subiri uone."

Akaushona mfuko mpya. Alichagua kitambaa cha pamba, kigumu, akakata mara moja bila kupima mara ya pili, akapitisha mshono juu ya mshono, kisha akaifunga bitana kwa mkono, sindano ikienda hatua ndogo ndogo kama sisimizi anayerudi kwake. Ulipokwisha, mke alitia mkono ndani akaona raha. Mfuko ule ungeweza kubeba mawe. Ule wa zamani, laini kwa uchakavu, mweusi kwa jasho la kiganja, akauweka kando kuwa kitambaa cha kufutia uso wa pasi. Wakalala wepesi wote wawili. Waliona kama kosa limefunikwa, tena limefunikwa kwa kitu kizuri kuliko kilichokuwepo.

Jumanne mwalimu alikuja, akatazama kiwiko, akashukuru, akaenda zake.

Siku ya tisa, ilikuwa Alhamisi, alirudi. Alilitandika koti juu ya kaunta na kuugeuza mfuko nje.

"Nani aliugusa?"

Hakupaza sauti. Tajiri, aliyekuwa anapanga hanga, akasogea, akaupapasa mfuko, akatabasamu. "Mwalimu, mbona mfuko umelishinda koti lenyewe kwa uzuri? Wengine wangetuletea soda."

"Koti ni la baba yangu," mwalimu alisema. "Alikuwa tarishi wa posta. Miaka thelathini na nne alipeleka barua za watu kwa miguu yake. Sasa haoni, na akili nayo inakuja na kuondoka. Yuko makao ya wazee, kule juu penye ukuta wa matofali. Kila siku saa kumi anavaa koti, anatia mkono mfukoni, anapitisha kidole kwenye lile tundu, na hapo anajua yeye ni nani. Anatoka. Anafuata korido, anashuka ngazi, anakwenda mpaka getini na kurudi. Bila kushikwa na mtu."

Akalilainisha koti kwa kiganja, kama anayefuta ubao.

"Nilipompelekea, alitia mkono akautoa kama aliyegusa kaa la moto. Akasema, hili ni koti la mtu. Langu umelipeleka wapi? Umemgawia nani? Ameniita mwizi mbele ya wauguzi. Mimi, mtoto pekee aliyebaki naye. Siku tisa haitikii salamu yangu, siku tisa hajatoka nje. Daktari ameniambia miguu ya mzee ni kama mlango. Usipofunguliwa, bawaba zinashika kutu. Wiki mbili tatu hivi, ndiyo basi tena."

Tajiri hakutabasamu tena. Akageuka. "Dada, ilikuwaje?"

Mke wa fundi alikuwa ameshika pasi. Nyuma ya cherehani mumewe aliinama kama anayetafuta sindano sakafuni. Ukweli ulikuwa pale pale, mfupi, wala haukuzidi maneno matatu. Lakini nyuma ya ukweli alimwona Tajiri akinyoosha mkono kuutaka ufunguo, aliyaona mabegi mawili, aliuona uso wa mama mkwe mlangoni. Ulimi ukamtangulia.

"Ulikuja umechanika, bosi. Tukaona tumsaidie mwalimu."

"Ulikuja na tundu," mwalimu alisema. "Haukuja umechanika."

"Ulikuja umechanika, mwalimu."

Wakatazamana. Mke wa fundi alijiandaa kugombezwa. Alikaza mpaka vidole vya miguu. Badala yake mwalimu alipitisha kiganja usoni.

"Labda sikuangalia vizuri," alisema taratibu. "Labda ni mimi. Siku hizi hata mimi sijiamini." Akalisukuma koti mbele. "Jaribuni kuurudisha ulivyokuwa. Nitapita Jumamosi."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Mtu ukimnyang'anya kitu chake anaweza kukidai. Huyu alikuwa amenyang'anywa macho yake mwenyewe, na akayatoa kwa adabu.

Tajiri alipofunga mlango na kwenda kwake, fundi aliinuka.

"Kitambaa cha pasi kiko wapi?"

"Kipi?"

"Ule mfuko."

Mke alifungua mkebe ambamo aliweka kipande cha mshumaa cha kulainishia pasi. Mfuko ulikuwa umebaki kipande cha ukubwa wa kiganja, umeungua ukawa kahawia, umekakamaa kwa nta. Aliuweka mezani. Fundi akaugusa kwa kidole, ukavunjika.

Basi fundi akaanza kutengeneza tundu. Mke alisema hapo hakujua acheke au alie. Mtu aliyeziba matundu ya watu maisha yake yote amekaa anatengeneza tundu moja, na linamshinda! Alikata kwa mkasi, kingo zikawa kali. Akachoma kwa moto wa mshumaa, zikawa ngumu. Akasugua kwa jiwe la kusugulia visigino, akapaka mafuta ya nywele, akapitisha kidole mara mia. Akachana shati lake la zamani, akashona mfuko mwingine kwa kitambaa hicho, akautoboa na huo. Kila akimaliza alifumba macho, akatia mkono, akatikisa kichwa.

"Hili ni tundu la leo," alisema. "La mzee lilikuwa na miaka thelathini."

"Na yeye atajua?"

"Mimi ninayeona kwa macho nimejua. Sembuse yeye, anayeona kwa kidole."

Ijumaa mama alipiga simu, na haikuwa hata siku yake. Sauti yake ilijaa chumba kizima. "Ile picha ya koti nimeitundika ukutani! Jirani amekuja kuitazama mara mbili, amekosa la kusema, mdomo umemkauka. Yuko wapi mkeo? Mwambie nimeiona kazi yake. Koti linameremeta. Mwambie mkono wake mzuri."

Miaka sita alikuwa ameingoja sifa hiyo. Ilipofika, ilimchoma kama mwiba.

"Mama anakusalimu," fundi alisema.

"Nimemsikia."

Alizima pasi, akaiwasha tena. Siku hiyo alifanya kazi vibaya. Alipiga pasi shati moja mara mbili, akamrudishia mteja soksi zisizo zake. Kila kengele ya mlango ilipolia alidhani ni mwalimu, na asipokuwa mwalimu alishukuru, na akishashukuru alijichukia. Alimwona mzee ambaye hajawahi kumwona, amekaa kwenye kiti, miguu inashika kutu. Alijaribu kujiambia kwamba wazee huchoka hata makoti yao yakiwa mazima. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye chake kilikuwa kwenye nguo ya mwenzake.

Jumamosi mwalimu alikuja. Tajiri alimpa koti kwa mikono miwili, akasema safari hii hakuna malipo. Mwalimu akafumba macho, labda kama baba yake afanyavyo, akatia mkono mfukoni. Akautoa.

"Mmejitahidi," alisema, akatoka.

Mke wa fundi akaichomoa pasi kwenye umeme, akazunguka kaunta, akamfuata nje.

"Mwalimu!"

Mwalimu akasimama kando ya njia.

"Haukuja umechanika. Ulikuwa na tundu tu, kama ulivyosema. Macho yako hayana kasoro. Tulilivaa, mwalimu. Tulilivaa Jumapili tukaenda nalo kutembea. Simu ikaingia kwenye tundu, na kuitoa tukauchana mfuko."

"Mlilivaa."

"Mimi ndiye niliyelitoa kwenye hanga. Mume wangu huvaa ninachompa."

"Koti la baba yangu. Matembezini."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Jibu lilikuwa refu na la aibu, akatoa fupi. "Ili mama mkwe aone tunavaa."

Mwalimu alitoa sauti puani ambayo haikuwa kicheko. "Siku kumi na moja ninaitwa mwizi. Nimekuwa nikilala macho, nikijiuliza kama na mimi akili inaanza kuniondoka kama ya baba. Na wewe ulisimama pale ukaniangalia usoni."

"Nisamehe, mwalimu."

"Sijui kama nitakusamehe. Nikirudi humo ndani nikamwambia bosi wako, nitapata nini? Ataninyooshea nguo bure mwaka mzima. Si ninachotaka hicho." Akalihamisha koti kutoka mkono huu hadi ule. "Kesho saa tisa. Wewe na mumeo. Mje mumwambie baba wenyewe mwizi ni nani. Mimi hanisikii tena."

Fundi alipoambiwa, alikaa juu ya kiti cha cherehani muda mrefu, mguu ukiwa juu ya kanyagio bila kukanyaga.

"Umetufungasha mizigo."

"Mizigo gani? Sufuria mbili na mto?"

"Wauguzi wakisikia? Wakimfikishia Tajiri?"

"Basi tutarudi kwetu. Lakini mwalimu hatapotezewa akili kwa ajili yangu."

Fundi akauliza kwa sauti ndogo, "Nivae nini kesho?"

Wote wawili waliitazama safu ya hanga, zimevaa nguo za watu, zimejipanga kama wageni wa heshima. Wakageuza nyuso.

"Vaa sweta lako."

"Lina kiraka."

"Si umekishona mwenyewe? Vaa."

Kwenye makao ya wazee korido ilinuka sabuni na uji. Mwalimu alitangulia bila kugeuka nyuma. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, kiti cha mikono karibu na dirisha, na joto jingi, maana wazee huogopa upepo. Koti lilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Mzee alikuwa kwenye kiti, blanketi magotini, mabega mapana yaliyopungua nyama, na mikono mikubwa isiyo na kazi.

"Baba, nimekuja na wageni."

Mzee hakugeuka. Alisema na dirisha. "Mwambieni huyo aliyegawa koti langu, nasikia miguu ya watu watatu."

"Ni fundi, baba, na mkewe."

"Fundi wa nini? Bomba la choo lilishatengenezwa."

"Wa nguo, mzee," fundi alisema, akirudi hatua moja nyuma.

Mke wa fundi akapita mbele yake, akachutama mpaka uso wake ukawa usawa na magoti ya mzee. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mwizi."

Kidevu cha mzee kikainuka.

"Mwanao hakugawa koti. Alituletea tutengeneze kiwiko. Nikalitoa kwenye hanga, nikamvisha mume wangu, tukaenda nalo kutembea, tukauharibu mfuko. Mwanao alipokuja kuuliza, nikamwambia uongo mbele ya watu. Koti ndilo hilo hilo lililoko mlangoni. Mfuko ndio sio wenyewe. Ule wa kwanza niliufanya kitambaa cha pasi, umeungua. Hauwezi kurudi, mzee."

Aliyasema yote kwa pumzi moja, kwa kuwa alijua akipumzika hataendelea. Mwalimu alikuwa amesimama ukutani, mkoba umemkaa mbele kama ngao. Mzee alitafuna kitu ambacho hakikuwepo mdomoni.

"Huyo mumeo," alisema baadaye. "Lilimtosha?"

Fundi akatazamana na mkewe. "Mabega lilinizidi, mzee. Mikono ilikuwa sawa."

"Nilikuwa na mabega, kijana." Akatafuna tena. "Mkaenda nalo wapi?"

"Bustanini, mzee," mke alijibu. "Kwenye bwawa."

"Huko ndiko mlikofika. Mimi nauliza njia. Mlitoka mlango gani, mkashika wapi?"

Mke akaanza, hajui kama anahukumiwa au anaulizwa. Walitoka dukani, wakashika mkono wa kushoto, wakapita kinyozi, wakafika kwenye kona ya duka la vioo.

"Mbwa yupo hapo?"

"Hakuna mbwa, mzee."

"Basi amekufa. Mshenzi yule! Suruali tatu za serikali alinirarua. Endelea."

"Tukapita shule ya—"

"Umeruka daraja."

Kweli alikuwa ameliruka. Akarudi. "Tukavuka daraja."

"La magari au la miguu?"

"La miguu."

"Ubao wa tatu unacheza."

"Bado unacheza, mzee," fundi alidakia. "Nusura nianguke."

"Na koti langu!" Mzee akacheka, kicheko kikavu, kifupi, kilichowashtua wote pamoja na yeye mwenyewe. Kikaisha. Akageuza kichwa kidogo, si kwa dirisha tena, bali upande wa ukuta.

"Na wewe, mwalimu, kaa basi. Umesimama kama mwanafunzi aliyechelewa."

Mwalimu akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alifungua mkoba, akatazama ndani yake kwa muda, akaufunga.

"Lile koti silivai," mzee alisema. "Msinilazimishe."

"Hapana, mzee."

"Na kosa lako lipo pale pale. Mimi nasahau mengi, hilo nitajitahidi nisilisahau."

"Najua, mzee."

"Haya. Rudi mlangoni uanze upya. Na twende polepole. Wewe unatembea kama mtu anayefukuzwa."

Mke wa fundi akakaa sakafuni, mgongo kwenye kiti cha mzee, akafunga mlango wa duka kwa maneno na kuanza upya. Kushoto. Kinyozi, na kiti chake cha nje kilichokatika mguu. Ukuta uliochorwa. Mzee aliuliza rangi ya geti fulani, akajibiwa, akasema si rangi nzuri. Hewa ya chumba ilikuwa nzito na vuguvugu. Mwalimu aliegemea mto kidogo tu, kupumzisha shingo, viatu bado miguuni. Zile siku zote za kulala macho zikamjia kwa pamoja, akazama. Fundi, kwenye kigoda karibu na mlango, alikuwa amelaza kichwa ukutani, mdomo wazi, kiraka cha sweta kikipanda na kushuka.

Hapo ndipo mke alipoona blanketi linacheza.

Ilikuwa miguu ya mzee. Mmoja ulisogea, ukatulia, ukasogea wa pili. Aliposema wanapanda ngazi za daraja, magoti yaliinuka. Aliposema ubao wa tatu, mguu mmoja uliruka nafasi, ukakanyaga mbele. Hakumwambia mzee kwamba ameona. Alipunguza mwendo tu, akataja kila nguzo, kila dirisha, na vitu ambavyo hata hakuwa na hakika navyo.

"Hapa pana kivuli," mzee alinong'ona.

"Pana kivuli, mzee."

Kidevu kikashuka kifuani. Miguu ikaenda hatua nne, tano, ikapungua, ikasimama, wa kulia mbele kidogo ya wa kushoto. Mke wa fundi aliogopa kunyamaza, asije akamwamsha, asije akamwacha peke yake katikati ya njia. Akaendelea kwa sauti ya chini, kichwa kimelala kwenye mkono wa kiti, anamsimulia mtu asiyesikia. Wakafika kwenye barabara kubwa. Ng'ambo kulikuwa na miti ya bustani. Akasema tungoje kidogo, mzee, kuna gari linakuja, lipite kwanza. Na akilingoja lipite, macho yakamfumba.